Seva ya nyumbani kwa vyuma vya zamani

Diski za kutunzia mafaili nimenunua mpya. Mbili, za TB 2 kila moja, Kariakoo, na risiti yake ninayo. Naanza na hilo maana kila niliyemwambia najenga seva ya kutunzia mafaili ya familia kwa vyuma vya zamani ameuliza hapo hapo kama na diski nazo ni za zamani, na jibu ni hapana, kila kitu kingine kwenye lile boksi ni mtumba au kimetoka kabatini ila diski hapana. Hela yote niliyokuwa nimetenga imeenda huko na nina amani nayo kabisa.

Boksi lenyewe ni kompyuta ya mezani ya ofisini, zile nyeusi zinazokuja kwa makontena, prosesa ni Core i3 ya 2011, ramu DDR3 GB 4. Shemeji yangu aliipata kazini kwao walipobadilisha mashine, ikakaa stoo kwake Tabata mpaka juzi kati akanipigia, shem njoo uchukue hii kitu kabla sijawapa watu wa vyuma chakavu. Nikaenda siku hiyo hiyo. Mi naamini mashine ya namna hii bado ina miaka mingi ya kazi ndani yake, kwa kuhariri video imechoka sawa, ila kukaa pembeni inapokea mafaili na kuyatoa ni kazi ambayo prosesa ya 2011 inaifanya bila hata kupata joto.

Joto lenyewe ndo lilihitaji kushughulikiwa kwanza. Vumbi la Dar lina unyevu wa bahari ndani yake, halipeperuki, linagandamana, na nilipofungua kava nikakuta limeziba mapezi ya hitisinki, kile chuma cha kupoozea prosesa, mpaka upepo haupiti kabisa. Brashi ya rangi ya inchi moja, blowa, feni unaishikilia kwa kidole isizunguke hovyo wakati unapuliza maana inaua beringi. Grisi ya prosesa ilikuwa imekauka imebaki unga mweupe, nikafuta kwa pamba na spiriti, nikaweka mpya, kidogo tu kati kati, hitisinki ikikazwa inajisambaza yenyewe. Kuwasha, pii pii pii, skrini nyeusi. Mafundi wote wanaijua hii, unachomoa ramu, unasugua yale meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli polepole mpaka yang'ae, unafuta mabaki ya kifutio, unarudisha kwa kukandamiza pande zote mbili mpaka vishikio viseme ka. Ikawaka.

Kitu kingine ambacho watu wanakiruka ni betri ya saa, ile ya duara, CR2032. Mashine ikikaa stoo muda mrefu ile betri inakufa na kila ukichomoa umeme tarehe inarudi miaka mingi nyuma. Kwa kompyuta ya kuchezea gemu unaweza kuvumilia lakini kwa seva hapana, kwa sababu mafaili yote utakayohifadhi yataandikwa tarehe ya uongo, na hata kupakua programu inagoma maana vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana kama bado havijaanza kutumika. Bei ya betri ni hela ya soda. Badilisha tu.

Na ukiingia kwenye BIOS, ile sehemu ya mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, kuna mambo mawili ya kuweka sawa, mi nayaona ni muhimu kuliko programu yoyote utakayochagua. Kuna sehemu inauliza mashine ifanye nini umeme ukirudi, kwa kawaida imewekwa ibaki imezimwa, wewe weka ijiwashe. Na nyingine ni ile ya kugoma kuendelea kuwaka kama haioni kibodi, inaandika bonyeza F1, sasa nani atabonyeza F1 wakati seva iko juu ya kabati haina kibodi wala skrini na wewe uko kazini Posta? Izime hiyo. Huku kwetu umeme unaweza kukatika hata kwa dakika tano na kurudi, seva isiyojiwasha yenyewe haina maana, maana watu wa nyumbani watajaribu mara moja, mara ya pili, ya tatu hawajaribu tena.

Mfumo wa kuendesha seva nimeweka OpenMediaVault. Najua wengi wanapenda TrueNAS, ile iliyoanza kama FreeNAS mwaka 2005 kwa mikono ya Mfaransa mmoja, Olivier Cochard-Labbé, na ni kitu kizuri sana hasa kwa vile inatumia ZFS, namna ya kupanga mafaili kwenye diski ambayo inakagua kila kipande cha data kama kimeharibika, ila inataka ramu kuanzia GB 8 na mi nina 4. OpenMediaVault imekaa juu ya Debian ambayo ni aina ya Linux, ni nyepesi, na aliyeianzisha, Volker Theile, alikuwa mmoja wa watu waliojenga FreeNAS hiyo hiyo. Nimeiweka kwenye SSD ya GB 120 iliyotoka kwenye laptopu iliyovunjika kioo, zile diski mbili mpya nimeziacha kwa mafaili peke yake. Ukimaliza kuweka unaifungua kwa brauza ukiwa kwenye simu au laptopu nyingine, jina ni admin na nywila ni openmediavault, na kwa kuwa dunia nzima inaijua hiyo nywila basi kazi ya kwanza kabisa ni kuibadilisha.

Kwa nini diski mpya? Ile kompyuta ilikuja na diski yake ya GB 500, nikaiangalia kwa smartctl, programu ya kupima afya ya diski, kabla ya kuamua chochote. Saa za kufanya kazi zilikuwa zimepita 41,000, na mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo hapo unazungumzia karibu miaka mitano ya kuzunguka bila kupumzika. Hilo peke yake lisingenitisha, ila kwenye orodha yake namba 5, inayoonyesha sehemu za diski zilizoharibika na kuhamishiwa kwenye akiba, haikuwa sifuri, na namba 197, sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje, nayo haikuwa sifuri. Diski ikianza kukuandikia hivyo inakuaga. Yoyote anayenunua diski ya mtumba naomba sana aangalie hizo namba mbili kabla ya kutoa hela, muuzaji akikataa usiijaribu, ondoka. Hiyo ya GB 500 ilikuwa bado na mafaili ya ofisi ya watu, sikuyafungua, nikaandika sifuri diski nzima mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu ndani ya diski za ofisi kuna mishahara ya watu, barua za watu, vyeti vya watu, na hao watu hawakunipa ruhusa.

Diski mpya nimeziunganisha kwa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine, moja ikifa leo usiku kesho asubuhi mama anaangalia picha zake kama kawaida na mi natafuta diski ya kubadilisha. Wazo hili la RAID lina historia ninayoipenda, mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley waliandika kwamba badala ya diski moja kubwa ya gharama unaweza kukusanya diski nyingi ndogo za bei rahisi zikafanya kazi pamoja, halafu ukajilinda na kufa kwa moja moja kwa kuweka ziada. Yaani tangu mwanzo lilikuwa wazo la vitu vya bei rahisi kusaidiana. Kuzilinganisha mara ya kwanza kulichukua zaidi ya saa nne, nikaacha inaendelea nikalala.

Ila RAID siyo bakapu na hili nitalirudia mpaka watu wachoke kunisikia. Ukifuta folda kwa bahati mbaya imefutika kwenye zote mbili sekunde hiyo hiyo. Mwizi akibeba boksi amebeba zote mbili. Kirusi kikifunga mafaili kimefunga pande zote. Kwa hiyo kuna diski ya tatu, ya nje, inayokaa kwa dada Dodoma, na mtu wa familia akisafiri anaileta na kuirudisha. Mafaili yale yanakaa yamefungwa kwa nywila, dada anayo nywila, imeandikwa kwenye karatasi na imewekwa pamoja na hati za nyumba. Hapo ndipo naona watu wa teknolojia tunasahau sana, tunajenga kitu kizuri halafu ni sisi peke yetu tunaojua kukifungua, na sisi nasi ni binadamu, tunakufa.

Mtandao. Kasi ya seva yako ni kasi ya kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote, na raota niliyonayo poti zake ni za megabiti 100 tu, hiyo kwa vitendo ni kama MB 11 kwa sekunde. Nilikuwa na GB 300 za kuhamisha kutoka kwenye laptopu, kwa mwendo huo ni saa saba na nusu hivi. Nikaongeza swichi ndogo ya gigabiti kati kati, kebo za Cat5e, laptopu na seva zikaongea humo moja kwa moja na mzigo wote ukapita chini ya saa moja. Watu wananiambia mbona usiweke tu kwenye wingu, na mi situkani wingu, nalitumia, ila GB 300 kupandisha kwa bando ni hela nyingi na muda mwingi, ukitaka kuzishusha tena ni bando jingine. Halafu mnakumbuka Mei 2024 kebo za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ikawa taabu Tanzania nzima? Seva ya nyumbani haijui hata kama kebo imekatika. Waifai ya ndani ikiwaka, picha zinafunguka.

Umeme unaokula nimeupima kwa kile kipimo cha kuchomeka kwenye soketi, wati 40 hivi ikiwa imetulia. Ikiwaka saa zote 24 hiyo ni karibu uniti moja kwa siku, uniti 29 kwa mwezi, na kwa nyumba iliyo kwenye tarifu ya chini ya uniti 75 hiyo ni hesabu ya kukaa chini kuipiga kabisa, isije ikakutoa kwenye kundi lako. Kwetu tumekubaliana inazimwa saa sita usiku na kuwaka saa kumi na mbili jioni, siku za kazi, maana mchana hakuna mtu nyumbani. Inajiwasha yenyewe kwa saa ya BIOS (ndo ile betri ya duara tena inaonyesha umuhimu wake). UPS ndogo, betri ya kushikilia umeme ukikatika, iko pembeni, nimeiunganisha na waya wa USB ili betri yake ikishuka iiambie seva ijizime kwa ustaarabu, maana umeme ukikatika wakati diski inaandika unaweza kupoteza hata ambacho hukuwa unakigusa.

Sasa kilichomo ndani, ambacho ndicho sababu ya yote. Bibi mzaa mama alifariki 2019. Kuna sauti zake, mdogo wangu alizirekodi Lushoto kwa simu ya vitufe, faili ni za amr, ndogo sana, bibi anasimulia kwa Kisambaa jinsi babu alivyokwenda kukata mkonge na akarudi na baiskeli. Miaka yote zimekuwa zikihama kutoka memori kadi moja kwenda nyingine, kila aliyebadilisha simu anabaki na chache, ilibidi nipige simu kwa ndugu mmoja mmoja kuzikusanya. Nimeziacha faili zenyewe kama zilivyo na nikatengeneza nakala za mp3 ili zifunguke kwenye kila kitu. Halafu DVD za harusi, zile za miaka ya 2000 zenye maua kwenye kava, zimekwaruzika, kuzikopi kwa kawaida inafika asilimia kadhaa inakwama. Nimetumia ddrescue, hii programu ikikuta pabovu inaruka, inachukua kwanza vyote vinavyosomeka halafu inarudi kuhangaika na palipobaki, unaweza hata kuipa DVD hiyo hiyo kwenye mashine nyingine ikaendelea ilipoishia. Harusi ya mama mdogo imetoka yote isipokuwa kipande kifupi cha keki.

Folda nimezipa majina ambayo mtu yeyote wa nyumbani atayaelewa. Bibi. Harusi. Misiba. Shule. Hati. Mama haingii kwenye folda, yeye anaangalia kwa TV, nimewasha huduma ya kurusha video ndani ya nyumba na TV inaiona yenyewe, anachagua kwa rimoti. Jumamosi ameangalia ile harusi mpaka mwisho, anataja majina, huyu alikuwa jirani yetu, huyu mtoto wa fulani, mdogo wangu akawa anaandika kwenye daftari nani ni nani, kwa dakika na sekunde. Hilo hatukulipanga na naona lina thamani kuliko picha zenyewe, kwa hiyo ndo kazi inayofuata, kila video iwe na faili la maandishi pembeni lenye majina, na tuifanye haraka maana wanaoyajua hayo majina ni wazee.

Vipimo vya diski nimepanga vijiendeshe tarehe 1 kila mwezi na matokeo yananijia kwa barua pepe. Dada anakuja Dar mwisho wa mwezi, anakuja na diski.