Mradi wa madini, Tanga: nywele za risasi na vipovu vya hewa

Jumamosi. Leo ni zamu ya kipande cha kijivu chenye nywele, cha kutoka Trepča, Kosovo. Lebo yake inasema ni madini ya bulanjeraiti, Pb5Sb4S11: risasi (ile metali nzito) 55%, antimoni 26%, salfa 19%. Shida ni kwamba jemsonaiti, madini mengine ya risasi na antimoni, nayo huota nywele hizihizi, na kwa macho huwezi kuzitenga. Ugumu hausaidii, maana zote zinachezea 2.5 kwenye kipimo cha Mohs. Tegemeo ni densiti, yaani gramu kwa kila sentimita ya ujazo: bulanjeraiti 6.2, jemsonaiti 5.6.

Kimebanduliwa kijipande cha nyuma kisicho na kwatzi, gramu 3.11 kikavu. (Upande wa nywele usiuloweshe kamwe, zitashikana kama pamba iliyorowa.) Gilasi ya maji ya betri, yale yasiyo na asidi, imewekwa juu ya mizani inayosoma hadi gramu 0.01, mizani ikarudishwa sifuri, kisha kijipande kikaning'inizwa kwa mshipi mwembamba wa kuvulia, kizame bila kugusa chini. Mizani ikasoma 0.55, ambayo ni gramu za maji yaliyosukumwa, yaani ujazo wa kijipande. Gawanya 3.11 kwa 0.55: 5.65. Jemsonaiti hiyo!

Hapana. Lenzi ya x10 ilionyesha vipovu vimejibana katikati ya nyuzi. Hewa huongeza ujazo, densiti ikashuka. Tone la sabuni ya maji, dakika 20 za kuloweka, kuigonga gilasi kwa ukucha, kisha kupima upya: 0.50, yaani 6.22. Hata mizani ikikosea 0.01, jibu haliwi chini ya 6.07. Kwa kijipande cha gramu 1 tofauti ya madini haya mawili kwenye mizani ingekuwa 0.02 tu, na hapo ni kubahatisha.

Jumapili. Unywele mmoja, kwa kibano: umepinda kama ndoana bila kukatika. Wa jemsonaiti hukatika, kwa kuwa mpasuko wake, yaani bapa ambalo madini hupasukia, hukata sindano kwa upana. Jaribu unywele mwembamba tu. Sindano nene za bulanjeraiti nazo hukatika. Uthibitisho kamili ni wa eksirei ya unga, yaani kuyasaga madini na kuyapima kwa eksirei maabara.

Usipulize, zima feni, nawa mikono. Vumbi hili lisikaribie jicho. Hata wanja wa manga, ukiwa umetokana na galena (madini ya risasi) iliyosagwa, ni risasi hiyohiyo.

Alhamisi. Silika jeli ya bluu, punje za kunyonya unyevu kwenye kisanduku cha kipande, imeshageuka waridi ndani ya siku nne: imeshiba maji. Unyevu wa pwani unapenya kwenye kifuniko. Ukingo utazibwa upya kwa silikoni.