Ndoo tano kabla ya saa moja na nusu

Chukua kaya ya watu watano pembezoni mwa Dodoma ambako bomba halijafika. Lita 20 kwa kila mtu kwa siku ni lita 100, yaani ndoo tano, na kila ndoo ina uzito wa kilo 20. Ikiwa kwa kila ndoo mama hutumia nusu saa kwenda kisimani, kupanga foleni na kurudi, saa mbili na nusu zimekwisha. Bado kuni, uji, kufagia, kuogesha watoto. Ofisi za Mtumba, mji wa Serikali, zinafunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Hesabu haikubali mama huyo awahi kazini.

Ndiyo maana wanawake wengi huishia kuuza karanga au mboga karibu na nyumbani: mtoto mgongoni, jiko linaonekana. Watu husema wamependa biashara ndogo. Wapi! Na kuajiri dada wa kazi ni kuhamishia mzigo kwa mwanamke mwingine, mara nyingi asiye na mkataba.

Mwanamke aliyeajiriwa ana sheria ya ajira ya mwaka 2004: siku 84 za uzazi kwa malipo, 100 akijifungua pacha, na hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku. Saa hizo mbili zinakwama kwenye daladala. Mtoto yuko nyumbani Nkuhungu, upande mwingine wa jiji, ofisi iko Mtumba. Kwenda na kurudi kunazimeza. Afadhali kuomba kwa maandishi zikusanywe mwisho wa siku.

Kwa maji, toroli la madumu matano hugeuza safari tano kuwa moja. Ajabu, likishanunuliwa, wanaume nao huanza kuchota.