Moshi wa buluu

Injini iliwaka kwa mkupuo mmoja. Mdogo wangu, aliyekuwa kwenye usukani, akakanyaga mafuta kidogo, nami pale mbele ya boneti nikausikia mluzi mwembamba nilioungoja kwa wiki tatu. Tabo, kile kifaa cha kushindilia hewa ndani ya injini, ilikuwa inazunguka. Hatujapongezana hata kidogo, nyuma ya gari kukaanza kutoka moshi. Haukuwa mweupe kama mvuke wa asubuhi, wala mweusi kama wa petroli iliyozidi. Ulikuwa wa buluu, mzito, unanuka oili iliyoungua. Dakika mbili hazikupita, upande wa nyuma wa gari ukawa hauonekani.

“Zima!” nikapaza sauti. “Zima gari!”

Nikakaa juu ya tairi la akiba, mikono imejaa grisi, nikaanza kupitia kichwani kila nati niliyoikaza.

Seti ile ya tabo niliinunua kwa kuwa ndiyo niliyoimudu. Nilitaka tabo tangu nilipoelewa inavyofanya kazi: moshi unaotupwa na injini unazungusha feni moja, shafti inazungusha feni ya pili, na hiyo inashindilia hewa ndani ya silinda. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilipatia wazo hilo hataza mwaka 1905, na kwangu bado ni moja ya mambo mazuri kabisa katika magari. Kinachopotea kinarudishwa kazini.

Tangazo lilisema kila kitu kimo. Zilikuwemo tabo, manifoldi ya kukusanya moshi wa injini, intakula ya kupoza hewa, mapaipu ya alumini, mipira, klipu na mfuko wa bolti. Hazikuwemo nozeli kubwa za petroli, wala njia yoyote ya kuipanga upya kompyuta ya gari. Hapo tangazo lilidanganya, na ni uongo wa hatari. Hewa ikiongezwa, petroli nayo lazima iongezwe. Isipoongezwa joto linapanda, injini inaanza kugonga na pistoni zinatoboka. Fedha niliyodhani nimeiokoa ikaenda huko.

Manifoldi niliilaza juu ya kioo, nikamulika tochi kwa nyuma, nikaona mwanga unapenya chini ya tundu la tatu. Ilikuwa imepinda. Nikagundisha msasa juu ya kioo kilekile, nikashinda nusu siku naisugua, naigeuza, naimulika, naisugua tena, mpaka mwanga ukakoma. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, niliishusha, nikaitoboa, nikachomelea kipande cha paipu cha kurudishia oili. Kazi hizo mbili nilizifanya kwa uangalifu mkubwa, na ndizo nilizozitilia shaka siku ile ya moshi.

Kesho yake akaja mjomba, fundi wa malori ya dizeli tangu sijazaliwa.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Imewaka?”

“Imewaka, lakini tabo imekufa. Inakula oili.”

“Nani kakwambia imekufa? Shafti umeishika?”

Sikuwa nimeishika. Akafungua mpira wa hewa, akaingiza vidole viwili, akaitikisa ile feni ndogo. Pembeni ilicheza kidogo sana, kama inavyotakiwa. Akaivuta na kuisukuma, haikucheza kabisa. “Nzima hii,” akasema, kisha akalala chini ya gari na tochi. Akakaa kimya muda mrefu.

“Njoo uone. Oili inaingia vizuri. Inarudi vipi?”

Nikaingia chini. Mpira wa kurudishia oili ulikuwa mrefu, nami kwa kuogopa joto la ekzosi nilikuwa nimeuzungusha mbali, ukashuka chini halafu ukapanda tena kidogo kabla ya kuingia kwenye sampu. Ulikuwa umeota tumbo. Mjomba akanieleza huku akilifuata tumbo hilo kwa kidole. Oili inaingia kwenye tabo kwa nguvu ya pampu, ila inatoka kwa uzito wake yenyewe tu. Ndani hakuna sili ya mpira, maana mpira ungeungua. Kuna ringi nyembamba za chuma, na shafti kati yake inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Oili ikikosa njia ya kushuka inajaa, inazipita zile ringi na kumwagikia kwenye ekzosi.

Tulipoufungua mpira tukakuta na la pili. Gasketi ya karatasi iliyokuja na seti ilikuwa na tundu dogo kuliko tundu la tabo, ikaziba karibu theluthi ya njia kwa umbo la mwezi mwandamo. Juu yake nilikuwa nimepaka gundi ya silikoni bila kupima, na iliyozidi ilijikunjia ndani ya tundu kama funza mwekundu. Nilimtoa yule funza kwa ncha ya bisibisi, na kifua kikaniuma.

Tukaukata mpira ukawa mfupi, ukashuka moja kwa moja, tukauvika kinga ya joto. Gasketi nikaichonga taratibu kwa tupa ndogo. Tukawasha. Moshi ukatoka vilevile.

“Usizime,” mjomba akasema. “Ile oili iliyojaa kwenye ekzosi unataka iende wapi? Acha iungue.”

Tukasimama. Baada ya kama dakika 20 moshi ukawa mwepesi, kisha ukakatika.

Kompyuta ilipokwisha kupangwa, nikaliingiza gari barabarani. Sindano ya geji ya presha ya tabo ikapanda mpaka nusu baa ikatulia hapo; uwiano wa hewa na petroli, ambao kwenye mwendo wa kawaida husoma karibu na 14.7, ukashuka mpaka 11.8, yaani petroli imeongezwa. Gari likanisukuma mgongo kwenye kiti. Mdogo wangu akataka tuongeze presha. Nikakataa. Pistoni zile ni za injini isiyo na tabo, yenye mgandamizo wa 10 kwa 1, na nusu baa inazitosha.

Tuliporudi nikaiacha injini ingurume dakika mbili ndipo nikaizima. Nikachana boksi lililoleta tabo, nikatandaza kipande chake chini, usawa wa sampu. Asubuhi nikakivuta nikakigeuza juani. Kilikuwa kikavu.