Kwa nini mwanafunzi wa uchumi ningemwanzisha na gretl

Nilipokuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uchumi, programu ya takwimu niliyoitumia nilisakinishiwa na kijana wa steshenari iliyotazamana na lango la chuo, kwa ada isiyozidi bei ya wali maharage, na sikumuuliza ameipata wapi. Ilifanya kazi vizuri hadi wiki mbili kabla ya kukabidhi utafiti wangu, ikaanza kudai namba ya leseni ambayo sikuwa nayo. Niliporudi kwa yule kijana, flashi yake haikuleta dawa, bali ilileta virusi vilivyoficha folda zangu zote. Tangu hapo wadogo zangu wanaosoma uchumi nimekuwa nikiwaelekeza kwenye programu zilizo halali na za bure, na swali wanalonirudia nalo ni moja: waanze na ipi?

Wengi watakujibu R, lugha ya programu ya takwimu, nami sina ugomvi nayo. Ross Ihaka na Robert Gentleman walianza kuiunda katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, toleo lake la 1.0.0 likatoka Februari 2000, na leo karibu kila mbinu ya takwimu utakayoisikia ina kifurushi chake humo. Lakini mwanafunzi ambaye bado anahangaika kuelewa kizigeu maana yake nini (ni namba inayoonyesha kitu kimoja, mfano bei, hubadilika kiasi gani kigeu kingine kikiongezeka kwa kimoja), ukimkabidhi siku hiyo hiyo mabano, alama za nukuu na majina ya vifurushi, atakuwa anajifunza masomo mawili kwa pamoja na kila moja atalipata nusu. Ndiyo maana mimi humwanzisha na gretl.

Gretl ni programu ya takwimu iliyoundwa mahususi kwa ajili ya ekonometriki, yaani kupima mahusiano ya kiuchumi kwa data. Mwanzilishi wake ni Allin Cottrell, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Wake Forest nchini Marekani, aliyejenga juu ya programu ya Ramu Ramanathan wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, kisha akaungana naye Riccardo Lucchetti wa Ancona, Italia. Leseni yake ni ya GNU, kwa hiyo unaweza kuinakili na kumpa jirani yako wa bweni bila kuvunja sheria yoyote. Ukishaipakua na kuisakinisha, rigresheni, yaani hesabu za kupata vizigeu hivyo kutoka kwenye data, utaziendesha bila kuwa na bando. Menyu zake hazijatafsiriwa kwa Kiswahili, jambo ambalo halimsumbui sana mtu anayesomea uchumi kwa Kiingereza.

Mtu akishaifungua, simruhusu aguse data yake ya utafiti siku hiyo. Humtaka aingie kwenye menyu ya faili, afungue faili za mfano, na katika kundi la Ramanathan achague ile iitwayo data4-1. Ni jedwali dogo la nyumba 14 za mtaa mmoja wa San Diego mwaka 1990, lenye bei ya kila nyumba kwa maelfu ya dola, ukubwa wake kwa futi za mraba, idadi ya vyumba vya kulala na idadi ya bafu. Nalipenda kwa sababu ya udogo wake: rigresheni ya kwanza, ya bei dhidi ya ukubwa pekee, unaweza kuikokotoa kwa kikokotoo na karatasi moja, kisha ukabofya kitufe chenye herufi beta iliyovaa kofia na kuona kama mmekubaliana. Kizigeu cha ukubwa kinatoka 0.13875, yaani kila futi moja ya mraba inaendana na ongezeko la dola 138.75 katika bei, na R mraba, yaani sehemu ya tofauti za bei inayoelezwa na ukubwa, ni takriban 0.82.

Kisha namwambia aongeze vyumba vya kulala na bafu. Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza, kwa sababu kizigeu cha vyumba kinatoka hasi 21.588, kana kwamba kila chumba kinachoongezwa kinaishusha bei kwa zaidi ya dola 21,000. Karibu kila mwanafunzi huamini kwamba amekosea kubofya. Hajakosea. Kizigeu hicho kinaeleza nini kinatokea vyumba vikiongezeka huku ukubwa wa nyumba ukibaki ule ule, na yeyote aliyewahi kupanga chumba kilichogawanywa kwa plaiwudi ili kiitwe chumba na sebule anajua kwamba kukata nafasi ile ile vipande viwili si kuongeza nyumba. Halafu humwonyesha safu ya thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata kizigeu kikubwa kiasi hicho kama kigeu hakina uhusiano wowote na bei: ya vyumba ni takriban 0.44, kwa hiyo hata alama ile ya hasi hatuna ushahidi wa kutosha wa kuisimamia. R mraba imepanda hadi 0.836, lakini ile iliyorekebishwa, ambayo hukatwa kidogo kwa kila kigeu kinachoongezwa, imeshuka kutoka 0.806 hadi 0.787, ishara kwamba vigeu tulivyoongeza havikulipia gharama yake. Nilikaa muhula mzima darasani bila kuelewa tofauti ya hizo R mraba mbili. Nyumba 14 zinaieleza kwa dakika kumi.

Jambo la pili ninalolisisitiza, pengine kwa ukali kupita kiasi, ni kumbukumbu ya amri. Kila unachobofya gretl hukiandika pembeni kama amri, na ukifungua kumbukumbu hiyo katika menyu ya zana utakuta mstari kama `ols price 0 sqft`, ambapo sifuri inasimama badala ya `const`. Hifadhi mistari hiyo kwenye faili ya skripti tangu siku ya kwanza. Msimamizi akikuagiza utumie makosa sanifu (kipimo cha jinsi kizigeu kinavyoweza kukosea) yanayostahimili tofauti za utawanyiko, unaongeza neno `--robust` mwishoni mwa mstari na kuendesha upya, badala ya kukumbuka ulibofya wapi mwezi uliopita.

Baada ya wiki kadhaa za skripti, kuhamia R hakuogopeshi tena, ila kuna mtego mmoja ambao ulininasa mwenyewe. Nilikuwa na jedwali la miezi 36 lenye bei ya mahindi kwa kilo na bei ya dizeli kwa lita. Mahindi yalikuwa shilingi mia kadhaa, hayana mkato. Dizeli ilikuwa imevuka elfu, na katika jedwali nililonakili iliandikwa kwa mkato, mfano 2,113. Nilipoendesha rigresheni, R mraba ikatoka 1 kamili, na kwa dakika kadhaa nilitembea chumbani kama mtu aliyegundua kanuni mpya ya uchumi. Ndipo nikashusha macho na kuona vizigeu 36 badala ya viwili, pamoja na onyo kwamba mabaki yote, yaani tofauti kati ya bei halisi na zilizokadiriwa, ni sifuri. R ilikuwa imesoma bei za dizeli kama maneno, si namba, na kwa kuwa hakuna bei iliyojirudia, ikaupa kila mwezi kigeu chake.

Tiba yake ni mstari mmoja unaofuta mikato na kugeuza maneno kuwa namba: `d$dizeli <- as.numeric(gsub(",", "", d$dizeli))`. Hapo `d` ni jina la jedwali. Kabla ya mstari huo na baada yake, andika `str(d)` na usome kila safu inaitwa aina gani. Ikiwa ni `chr` (maneno) mahali palipopaswa kuwa `num` (namba), usiendelee. Nilipoendesha upya, vizigeu vikabaki viwili, R mraba ikaporomoka, na dizeli ikaonekana kuhusiana na mahindi kwa udhaifu tu. Matokeo hayo dhaifu ndiyo niliyoyapeleka kwa msimamizi.