Uchochoro wa nyuma ulivyonishushia kodi, na tulivyoutengeneza

Nina nyumba Mbagala, vyumba 6 vya kupangisha alivyoniachia mama. Mradi wa DMDP, ule wa kuboresha miundombinu ya jiji la Dar es Salaam, ulipoleta lami, mitaro na taa za barabarani huku Temeke, nyumba za kule mbele zikapanda bei, nikajua na mimi nimeula, kumbe wapi, kwangu ni ndani kidogo, kama mita 100 tu toka kwenye lami ila unapita uchochoro wenye giza na pembeni kuna pagala. Wapangaji wangu wawili wakaporwa simu hapohapo, mmoja alikuwa anatoka shifti ya usiku, wakahama mwezi uleule, na 2022 stori za panya road, yale makundi ya vijana wanaovamia na kupora watu, zilivyovuma dalali akaniambia wazi kaka chumba cha 60,000 hapa hakiendi, weka 40,000.

Kosa langu la kwanza nilipandisha ukuta, kozi 4 za tofali na vipande vya chupa juu, hela nyingi sana iliishia hapo, na hali ikawa mbaya zaidi! Mzee mjumbe wetu ndo alinifungua macho, akasema mwanangu hao vibaka hawaingii kwako, wanakaa nje ya ukuta wako, zamani mtu akiwa uani anawaona, sa hivi umewafichia.

Basi nikabomoa kozi 3 upande wa uchochoro nikaweka grili, majirani na wapangaji tukachanga taa 3 za sola, michongoma tukaikata mpaka magotini. Pagala ndo lilitusumbua, mwenyewe yuko Mwanza, serikali ya mtaa wakatutafutia namba yake akakubali tuzibe milango na madirisha kwa tofali. Halafu mama mmoja mpangaji wangu akaanza kukaanga mihogo na samaki pale uchochoro unapoanzia, anakaa mpaka saa 4 usiku, na huyu kwa kweli kafanya kazi kuliko taa zote, maana taa haijui sura za watu, yeye akiona kijana mgeni anamuuliza mwanangu unamtafuta nani.

Ilichukua kama miezi 8. Vyumba vyote vina watu, wapya wanalipa 70,000, miezi 6 mbele, na dalali yuleyule sa hivi analeta wateja hata saa 2 usiku, zamani alikuwa anawaleta mchana tu.

Kinachoniuma jirani mmoja kawapandishia kodi wapangaji wake wakati nao walichanga 5,000 5,000 za taa, yani wamelipia usalama halafu wanalipishwa tena. Mi wangu waliochanga sijawagusa, wako kwenye 40,000 ileile, na mama wa mihogo nimemwekea bomba na kibanda pale mbele.