Duka likisema mtungi wako umefeli

Umepeleka mtungi wa kuzamia ukapimwe. Unarudi kuuchukua, unaambiwa umefeli, na begani mwake, chini ya shingo, kuna tundu la drili. Kabla hujapandisha sauti, uliza maswali mawili: kimefanyika kipimo gani, na nani amekifanya? Nazungumzia Marekani, ambako sheria ya jambo hili imeandikwa wazi na ndiko inakotoka mitungi yenye chapa ya DOT, yaani Wizara ya Uchukuzi ya huko.

Vipimo ni viwili na watu huvichanganya. Ukaguzi wa macho hufanyika kila mwaka: vali inafunguliwa, taa inaingizwa ndani, mkaguzi anatafuta kutu, vishimo na nyufa kwenye hesi za shingo, halafu anabandika stika. Huo ni utaratibu wa wenye biashara wenyewe, si agizo la serikali. Kipimo cha presha ya maji, cha kila miaka 5, ndicho cha kisheria, na kinafanywa tu na kituo chenye RIN, namba ya utambulisho wa mpimaji iliyotolewa na Wizara ya Uchukuzi. Maduka mengi hayana mashine hiyo. Yanapokea mtungi na kuupeleka kwingine. Kosa linaweza kuwa la kituo, lakini wewe mtungi uliukabidhi dukani, kwa hiyo anza na duka.

Kesi nyingi zinasimama au kuanguka hapa. Mkaguzi asiyeridhika anaweza kukunyima stika, na duka linaweza kukataa kukujazia hata mtungi mzima. Hakuna sheria inayolilazimisha. Lakini mtungi ni mali yako. Kuutoboa, kuukata au kuharibu hesi zake bila ruhusa yako ni kuharibu mali ya mtu. Hata kituo chenye RIN, mtungi ukifeli kwelikweli, wajibu wake ni kugonga mfululizo wa X juu ya alama ya DOT na presha ya kazi, au kugonga neno CONDEMNED begani, kisha kukuarifu kwa maandishi. Kuufanya usishike tena presha kunafanyika pale tu mwenye mtungi anapoagiza. Ukirudishiwa mtungi wenye tundu na huna karatasi hata moja mkononi, usikubali kuambiwa kwamba ndivyo sheria ilivyo.

Basi dai karatasi. Katika kipimo cha maji, mtungi hujazwa maji, huingizwa kwenye jaketi lenye maji, na presha hupandishwa hadi 5/3 ya presha ya kazi. Ule wa aluminiamu wa futi za ujazo 80, wenye presha ya kazi ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 3000, hufikishwa psi 5000 na kushikiliwa hapo angalau sekunde 30. Metali hutanuka, na presha ikiondolewa hurudi, ila kiasi fulani hubaki. Kilichobaki kikizidi asilimia 10 ya utanukaji wote, mtungi umefeli. Tuseme umetanuka sentimita za ujazo 160 na zikabaki 4: hiyo ni asilimia 2.5, umefaulu. Zikibaki 17, umefeli. Namba hizo lazima ziandikwe, pamoja na namba ya mtungi, presha iliyotumika na utambulisho wa aliyepima. Omba pia rekodi ya uhakiki wa mashine ya siku hiyo, maana kituo kinatakiwa kuijaribu kwa mtungi maalumu wa kulinganishia kabla ya kuanza kazi.  Mitungi ya chuma yenye presha ndogo inaweza kufeli bure pale mpimaji anapoiruka hatua ya kuipandisha kwanza presha ya awali, iliyo chini ya ile ya kipimo. Muulize kama aliifanya.

Ugomvi mkubwa kabisa ni wa nyufa za shingoni. Luxfer ya Marekani ilitumia aloi ya 6351 hadi katikati ya 1988, na Walter Kidde nao waliitumia. Aloi hiyo inaweza kupasuka polepole kwenye hesi kwa kukaa na presha muda mrefu, na baadhi ya mitungi hiyo imelipuka wakati wa kujazwa. Hofu ya maduka ina sababu, na mimi siwezi kumlaumu anayekataa kuijaza. Tangu 2007 mitungi hiyo ya 6351 lazima ipitie pia kipimo cha edikarenti, mashine ya umeme inayotafuta nyufa kwenye hesi, kila inapopimwa. Shida inaanza mashine hiyo inapotumiwa kwenye mitungi ya aloi ya 6061, isiyo na ugonjwa huo. Sindano inaruka kwa sababu ya uchafu, mkunjo wa metali au mkwaruzo wa chombo kilichochonga hesi, na mkaguzi asiye na subira anatangaza ufa.

Kwa hiyo soma kwanza jina la kiwanda na tarehe iliyogongwa begani. Kisha omba hesi zisafishwe, kipimo kirudiwe, na uonyeshwe ufa wenyewe kwa taa na kioo kidogo cha daktari wa meno. Ufa halisi hukata hesi kwa wima, hutoka hesi moja hadi nyingine.  Kama hawawezi kukuonyesha, chukua mtungi wako kabla haujagongwa chochote, upeleke kwenye kituo kingine chenye RIN. X ikishagongwa, hakuna anayeruhusiwa kuifuta.

Kuna uharibifu mwingine mdogo unaostahili kudaiwa: meno ya spana ya bomba kwenye vali, vali yako kubadilishwa na kuukuu, kutu mpya ndani ya mtungi wa chuma ulioachwa na maji baada ya kipimo. Rangi ya kuokwa tanurini ni hatari zaidi. Aluminiamu ikipita nyuzi 177 za Selsiasi hupoteza nguvu, na mtungi wa namna hiyo wenye dalili za kupata joto kali hauna njia ya kurudi kazini.

Anayehamia Oman au Zanzibar na mtungi wa Kimarekani aangalie vali. Hesi za shingo ya Kimarekani ni za inchi 3/4 (NPSM), za Ulaya ni za milimita 25 (M25x2). Vali ya M25 huingia kwenye shingo ya 3/4 ikiwa imelegea, na inaweza kufyatuka mtungi ukijazwa. Fundi akikurudishia mtungi wenye vali inayocheza, usiuguse na kompresa.

Siku ya kukabidhi, piga picha bega, kitako, vali na ndani ya shingo. Risiti iwe na namba ya mtungi na sentensi hii: usitobolewe wala kukatwa bila idhini ya mwenyewe. Mambo yakiharibika, malalamiko dhidi ya kituo cha RIN hupelekwa PHMSA, idara ya Wizara ya Uchukuzi inayosimamia vituo hivyo, na fidia hudaiwa kwenye mahakama ya madai madogo, kwa bei ya mtungi uliotumika, si mpya. Hata mtungi ukifeli kihalali, udai pamoja na vali yake. Vali nzima hufungwa kwenye mtungi mwingine wenye hesi zilezile, ikiwekewa oringi (pete ya mpira ya kuziba) mpya ya namba 214.