Nilivyowaonyesha wanafunzi wangu nyutrofili za fizi zao wenyewe

Kufundisha kinga ya mwili bila kuona seli hata moja ni jambo lililokuwa likininyima raha tangu nianze ualimu hapa Iringa. Wanafunzi wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) wanayashika majina yote ya seli za kinga haraka: nyutrofili, ambayo ni aina ya chembe nyeupe ya damu, makrofaji, esinofili, seli za masti. Ukiwauliza nyutrofili iko wapi sasa hivi, darasa zima linajibu kwamba iko kwenye damu. Ukiuliza inafanya nini fizi ikivimba, wanaandika "inaua bakteria" na kuweka nukta. Lakini utamu wote wa somo uko katikati ya majibu hayo: imetokaje kwenye damu, imefikaje mdomoni, na ikishakufa nani anaiondoa.

Damu sikutaka kuigusa. Kuchomana vidole darasani kuna hatari ambayo sioni sababu ya kuichukua. Nikageukia mdomo. Shule nyingi hukwangua seli za ndani ya shavu, wanafunzi wakachora kiini na utando wa seli, kazi ikaishia hapo. Kumbe mate ya mtu mwenye afya yana nyutrofili, na njia yake kuu ya kuingilia ni ule mfereji mwembamba ulio kati ya jino na fizi. Pale utando unaofunika fizi ni mwembamba na bakteria hawakosekani, kwa hiyo nyutrofili hupita usiku na mchana hata kama huhisi maumivu yoyote. Fizi ikivimba, zinamiminika kwa wingi zaidi.

Nilipima gramu 9 za chumvi kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kipimo hiki si cha kukisia. Mate yana chumvichumvi kidogo kuliko damu, kwa hiyo seli ikikaa humo maji huingia ndani yake, inavimba, na baadaye inapasuka. Maji ya chumvi ya kiasi hicho huitunza ikabaki na umbo lake.

Mhudumu wetu wa maabara, mzee wa Kihehe aliyezoea kunipangia vifaa vya majani na maua, aliniona na chupa za chumvi.

"Kamwene, mwalimu. Leo tunapika?"

"Kamwene, baba. Leo tunasukutua."

Kila mwanafunzi alisukutua kwanza kwa maji ya kawaida ili kuondoa mabaki ya chakula, akapumzika dakika chache, kisha akasukutua kwa maji ya chumvi kwa nusu dakika na kutema kwenye bika yake mwenyewe. Sampuli ya mtu haikuguswa na mwenzake, na hakuna jina lililoandikwa popote, kwa sababu sikutaka fizi za mtu zigeuke habari ya bweni. Tuliyamimina kwenye neli za majaribio tukaziacha zisimame mpaka seli zitue chini. Hapo unahitaji uvumilivu, maana nyutrofili ni ndogo na hutua polepole kuliko seli za utando unaofunika ndani ya mdomo. Kisha tone moja kutoka chini kabisa, tone la methilini bluu ya kutia seli rangi, kioo chembamba juu, basi.

Hadubini zetu ni zile za kioo cha kuakisi mwanga wa jua, na asubuhi za Juni huku kwetu jua halina haraka. Nilikuwa nimeomba vipindi viwili vya karibu na mchana, na kama shule yako haina hadubini za umeme nakushauri ufanye hivyo hivyo.

Kwa ukuzaji wa mara 400, kwanza unaona seli za utando: kubwa, bapa, kingo zimekunjamana, kiini kimoja kidogo cha mviringo. Pembeni yake, ama juu yake, kuna vitu vidogo vya duara ambavyo mwanafunzi asiyeelekezwa atavipita akidhani ni uchafu. Zungusha skrubu ndogo taratibu. Kiini chake kimegawanyika vipande viwili, vitatu, hata vinne, vimeshikana kwa nyuzi nyembamba, na methilini bluu imevikoleza.

"Madam, hii yangu ina viini vitatu!"

"Ni kiini kimoja. Tafuta uzi."

Akautafuta. Akauona. Alinyamaza muda mrefu jicho likiwa pale pale, na wenzake wakaanza kugombania zamu.

Kwenye tone la mate matupu nililoweka pembeni kwa kulinganisha, bila rangi, nyutrofili zilikuwa zimetuna na chembechembe zilizomo ndani zilikuwa zinacheza bila kutulia. Chembechembe hizo ndizo ghala la silaha. Zina vimeng'enya, na kimojawapo, mieloperoksidesi, kina rangi ya kijani, ndiyo maana usaha na makamasi mazito huonekana kijani.

Sasa maelezo ya njia yakawa na mahali pa kushika. Seli za utando wa fizi na makrofaji wakazi, yaani seli kubwa za kumeza zinazoishi humo humo kwenye tishu, hugundua bakteria na kutoa kemikali za wito, mojawapo ikiitwa IL-8. Mishipa midogo jirani hutanuka, ndiyo wekundu na joto la fizi. Nyutrofili iliyo kwenye mshipa hupunguza mwendo, huviringika ukutani, hushikilia kwa protini ziitwazo integrini, kisha hujipenyeza nje na kufuata wito kama siafu wanaofuata harufu. Uboho wa mtu mzima hutengeneza takriban nyutrofili bilioni 100 kwa siku, kwa hiyo askari hawamaliziki. Kila mmoja wao huishi muda mfupi tu, na makrofaji huzimeza zile zilizokufa ndani ya tishu kabla hazijamwaga vimeng'enya hovyo. Usafi huo usipofanyika, vimeng'enya vile vile vinakula kolajeni, protini inayoipa fizi yenyewe uimara.

Niliwasimulia pia jaribio la Löe na wenzake kule Aarhus, Denmark, lililochapishwa mwaka 1965. Watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno, na ndani ya wiki 3 wote fizi zilikuwa zimevimba. Waliporudia mswaki, fizi zikapona kwa takriban wiki moja. Kwa vijana wanaotema damu wakipiga mswaki na kuamua kuuacha, habari hiyo ina uzito kuliko kuhimizwa na mimi.

Swali gumu lilitoka dawati la nyuma: kama nyutrofili zinaharibu fizi, si tungezizuia tu zisifike? Nikawaeleza kuhusu watoto wachache duniani wanaozaliwa na hitilafu ya integrini hizo. Nyutrofili zao zimejaa kwenye damu lakini haziwezi kutoka. Fizi zao, badala ya kutulia, huvimba vibaya na meno hung'oka mapema, kwa kuwa nyutrofili isipofika, ishara ya kuzima wito haitolewi, na tishu inaendelea kupiga kelele kupitia kemikali nyingine za wito, IL-23 na IL-17.

"Kwa hiyo anayefika ndiye anayezima kengele?" aliuliza yule yule.

Nikaandika swali lake ubaoni bila kulibadilisha neno, na kipindi cha saitokaini, yaani hizo kemikali za wito, tukakianzia hapo.